Nyenzo huria za kujifunzia seva, hifadhidata na tovuti

Nyenzo huria za kujifunzia seva, hifadhidata na tovuti ni vitabu, miongozo, kozi, mazoezi na programu zinazopatikana bila malipo kwa watu wanaojifunza au wanaofanya kazi ya kuendesha seva, kusimamia hifadhidata na kutengeneza tovuti. Sehemu kubwa ya nyenzo hizo iko kwenye intaneti, lakini nyingi zinaweza kupakuliwa mara moja na kutumika baadaye bila mtandao.

Nchini Tanzania nyenzo hizo zina umuhimu wa pekee, kwa sababu vitabu vya fani hiyo vinavyochapishwa ng'ambo ni ghali na vyuo vingi vinavyoifundisha viko katika miji mikubwa. Mtu anayeishi katika kata kama Misima, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga, anaweza kusoma mwongozo uleule wa hifadhidata unaosomwa na fundi wa Dar es Salaam, Nairobi au London. Vikwazo vinavyobaki ni kifaa, umeme, bei ya bando na lugha, kwa kuwa karibu nyenzo zote zimeandikwa kwa Kiingereza.

## Maeneo matatu ya kazi

Seva ni kompyuta, au programu ndani ya kompyuta, inayongoja maombi kutoka kwa kompyuta nyingine na kuyajibu. Mtu anapofungua tovuti kwa simu, simu hutuma ombi na seva hurudisha ukurasa. Fundi wa seva huweka mfumo endeshi, hufungua na kufunga akaunti za watumiaji, husasisha programu, hutunza nakala rudufu na husoma kumbukumbu za mfumo ili kujua kilichoharibika.

Hifadhidata, ambayo huitwa pia kanzidata, ni mkusanyo wa data uliopangwa ili iwe rahisi kuitafuta na kuibadilisha. Hifadhidata nyingi za leo hufuata utaratibu wa majedwali yanayohusiana, uliopendekezwa na Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970. Lugha inayotumika kuuliza majedwali hayo ni SQL. Ilianzishwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, mwaka 1974.

Utengenezaji wa tovuti una pande mbili. Upande wa mbele ni ule unaoonekana kwenye kivinjari, nao hutumia HTML kwa muundo wa ukurasa, CSS kwa sura yake na JavaScript kwa vitendo vyake. Upande wa nyuma ni programu zinazofanya kazi ndani ya seva, zikiandikwa kwa lugha kama PHP, Python, Java au JavaScript yenyewe.

Kazi hizo tatu hushikana. Ukurasa ukichelewa kufunguka, sababu inaweza kuwa msimbo wa tovuti, swali baya la SQL au seva iliyojaa. Kwa hiyo hata mtu anayechagua eneo moja hulazimika kuyafahamu kidogo mengine mawili.

## Bure na huria

Si kila kitu kinachopatikana bure ni huria. Kitu cha bure hakilipiwi. Kitu huria kina leseni inayomruhusu mtu kukinakili, kukigawa na mara nyingi kukibadilisha au kukitafsiri. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwalimu anayetaka kuweka nakala ya kitabu kwenye kompyuta zote za shule, au kwa mtu anayetaka kukitafsiri kwa Kiswahili.

Leseni zinazotumika sana kwa maandishi ni zile za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2002. Alama zake husomwa hivi:

* BY: mtumiaji ataje jina la mwandishi.
* SA: kazi mpya itolewe kwa leseni ileile.
* NC: isitumike kwa biashara.
* ND: isibadilishwe, na kwa hiyo tafsiri yake isigawiwe bila ruhusa.

Mfano wa kwanza ni mwongozo wa hifadhidata ya PostgreSQL: ni huria kabisa, na yeyote anaweza kuuchapisha au kuutafsiri. Mfano wa pili ni mwongozo wa MySQL: husomwa bure kwenye intaneti, lakini haki zake ni za kampuni ya Oracle na leseni yake si huria. Mfano wa tatu ni W3Schools, tovuti ya Norwei iliyoanza mwaka 1998. Masomo yake mengi ni ya bure, lakini yana hakimiliki ya kawaida. Licha ya jina lake, haina uhusiano na W3C, jumuiya inayoweka viwango vya wavuti.

## Historia

### Duniani

Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kutengeneza mfumo endeshi ambao kila mtu angeweza kuutumia, kuuchunguza na kuubadilisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Ufini, alitoa kiini cha mfumo kinachoitwa Linux. Mwaka 1993 taasisi ya CERN ya Uswisi, alikofanya kazi Tim Berners-Lee, iliiachia dunia teknolojia ya wavuti bila kudai malipo.

Mwaka 1995 ulileta vifaa vingi ambavyo bado vinatumika: seva ya Apache, hifadhidata ya MySQL, na lugha za PHP na JavaScript. Mwaka uliofuata jina la PostgreSQL lilianza kutumika kwa hifadhidata iliyotokana na mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. SQLite ilifuata mwaka 2000 na seva ya nginx mwaka 2004. MySQL ilipoingia mikononi mwa Oracle kwa ununuzi wa Sun Microsystems mwaka 2010, Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa ameshaanzisha tawi huria linaloitwa MariaDB.

Kwa kuwa programu hizo ziligawiwa bure, miongozo yake pia iligawiwa bure. Vyuo vilifuata. Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake kwenye intaneti. Mwaka 2002 UNESCO ilianza kutumia istilahi ya nyenzo huria za elimu, na mwaka 2019 ilipitisha pendekezo la kuzihimiza nchi wanachama kuzitumia.

### Tanzania na Afrika Mashariki

Tanzania ilianza kwa kuchelewa. Mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta kutoka nje, ikitaka kulinda fedha za kigeni. Kizuizi hicho kiliondolewa baadaye, na mwaka 2003 nchi ilipata sera yake ya kwanza ya taifa ya TEHAMA, ambayo ilifuatwa na sera mpya mwaka 2016. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy mwaka uliofuata, nchi haikutegemea tena setilaiti pekee kuwasiliana na dunia.

Kwa upande wa mafunzo, Kundi la Waendeshaji Mitandao wa Afrika (AfNOG) lilifanya warsha yake ya kwanza Cape Town mwaka 2000. Warsha zake hufundisha kuendesha seva za Unix na Linux, majina ya vikoa, barua pepe na usalama, na maandishi yake huwekwa wazi kwenye intaneti. Mkutano wa mwaka 2011 ulifanyika Dar es Salaam. Kituo cha NSRC cha Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, kimeshirikiana na warsha hizo kwa miaka mingi na hutoa masomo yake kwa leseni ya Creative Commons.

Hatua ya pekee kwa wasemaji wa Kiswahili ilikuwa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioshirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi. Mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo iliwezekana kwa sababu moja: programu yenyewe ilikuwa huria, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa kwa mwenye nayo.

## Nyenzo kuu

### Seva

Nyenzo ya kwanza huja pamoja na mfumo wenyewe. Linux ina kurasa za mwongozo zinazofunguliwa kwa kuandika neno *man* na kufuatisha jina la amri. Hazihitaji intaneti. Ni fupi na kavu, na anayeanza huziona ngumu, lakini fundi mzoefu huzirudia kila siku.

Kwa anayeanza, kitabu cha William Shotts kuhusu kutumia Linux kwa amri za maandishi hupatikana bure kama PDF yenye kurasa zaidi ya 500. Leseni yake ina alama za NC na ND, kwa hiyo inaruhusiwa kuigawa bila kuiuza wala kuibadilisha. Anayetaka kwenda mbele anaweza kusoma kitabu cha msimamizi wa Debian, kilicho huria kabisa na ambacho kinaweza kuwekwa ndani ya Debian kama programu nyingine yoyote. Miongozo ya Apache na nginx nayo husomwa bure.

### Hifadhidata

Mwongozo rasmi wa PostgreSQL una kurasa zaidi ya 2,000. Hauhitaji kusomwa wote, kwani sehemu yake ya kwanza ni somo fupi la kuanzia, na zinazofuata hueleza lugha ya SQL hatua kwa hatua. SQLite ni chaguo jingine zuri kwa mwanafunzi. Programu yake ni ndogo kuliko megabaiti moja, haihitaji seva, na hifadhidata nzima hukaa ndani ya faili moja. Programu nyingi za simu huitumia kuhifadhi data.

Kampuni kubwa zinazouza hifadhidata nazo hutoa matoleo ya bure ya kujifunzia pamoja na masomo. Microsoft ina toleo la Express la SQL Server na masomo ya Microsoft Learn, na Oracle ina toleo dogo la hifadhidata yake. Nyenzo hizo ni za bure lakini si huria.

### Tovuti

Rejea inayotegemewa zaidi ni MDN Web Docs, iliyoanzishwa na Mozilla mwaka 2005. Hueleza kila sehemu ya HTML, CSS na JavaScript, pamoja na vivinjari vinavyoikubali. Maandishi yake yana leseni ya Creative Commons BY-SA. Kitabu cha Marijn Haverbeke kiitwacho *Eloquent JavaScript* kinasomwa bure kwenye intaneti, na mwongozo wa PHP una leseni huria.

Git, programu ya kutunza historia ya msimbo iliyotengenezwa na Torvalds mwaka 2005, inafundishwa katika kitabu cha *Pro Git* cha Scott Chacon na Ben Straub, ambacho nacho ni cha bure.

### Kozi kamili

* freeCodeCamp ilianzishwa mwaka 2014 nchini Marekani kama shirika lisilo la kibiashara. Mwanafunzi huandika msimbo ndani ya kivinjari na kusahihishwa papo hapo. Masomo yake hutafsiriwa na watu wa kujitolea katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo kwa sehemu.
* The Odin Project hupanga njia ya kujifunza kutoka mwanzo hadi kutengeneza tovuti kamili, ikimtaka mwanafunzi afanye kazi kwenye kompyuta yake mwenyewe.
* CS50 ni kozi ya utangulizi ya Chuo Kikuu cha Harvard inayofundishwa na David Malan. Hugusa lugha ya C, Python, SQL na tovuti.
* MIT OpenCourseWare ina mihadhara na mitihani ya masomo ya chuo, ikiwemo ya mifumo ya hifadhidata.

## Kujifunza bila intaneti ya kudumu

Mahali ambapo bando hununuliwa kwa siku au kwa wiki, aina ya nyenzo ina uzito kuliko ubora wake. Video ya saa moja inaweza kula megabaiti mia kadhaa, wakati kitabu kizima cha PDF huwa na megabaiti chache. Anayesoma maandishi hufika mbali zaidi kwa fedha ileile.

Kiwix ni programu huria iliyoanza mwaka 2007. Husoma tovuti nzima zilizofungwa ndani ya faili moja ya aina ya ZIM, iwe kwenye simu au kwenye kompyuta. Kuna faili za Wikipedia, za maswali na majibu ya Stack Overflow na za miongozo ya lugha nyingi za programu. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha ni takriban gigabaiti 100, lakini mikusanyo mingi ya kiufundi ni midogo zaidi. Faili moja ikishapakuliwa mjini, inaweza kupita kwa flashi au memori kadi kutoka mkono hadi mkono.

Termux ni programu huria inayoweka mazingira ya amri za Linux ndani ya simu ya Android. Kupitia hiyo mwanafunzi anaweza kuweka SQLite, MariaDB, PHP, nginx na Python, na kufungua tovuti aliyoiandika kwenye kivinjari cha simu hiyohiyo. Kuandika msimbo kwenye kioo kidogo huchosha, lakini mwenye simu pekee anaweza kuanza.

XAMPP hukusanya Apache, MariaDB na PHP katika kifurushi kimoja cha kompyuta ya kawaida. VirtualBox humwezesha mtu kuwa na kompyuta pepe ndani ya kompyuta yake, akaiharibu na kuijenga upya bila hasara. Kompyuta ya zamani isiyoweza tena matoleo mapya ya Windows mara nyingi huweza kuwekewa Debian isiyo na madirisha, ikawa seva ya mazoezi.

## Mfano kutoka Handeni na Korogwe

Misima ni kata ya wilaya ya Handeni, na kilimo ndicho kazi ya watu wengi wa huko. Korogwe iko upande wa kaskazini, kando ya mto Pangani na kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha. Seva na hifadhidata zinahusu maeneo hayo pia: halmashauri zina tovuti chini ya kikoa cha go.tz, shule na vituo vya afya hutuma takwimu kwa njia ya mtandao, na malipo mengi ya serikali hufanyika kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo.

Mwanafunzi anaweza kutumia mambo ya nyumbani kama zoezi. Tuchukue mfano wa ghala la mahindi linalotumia daftari moja. Kila mzigo unapoingia, karani huandika jina la mkulima, kijiji, uzito na kiasi alicholipwa. Mkulima mmoja ataandikwa mara «Juma Ali», mara «Juma Ally», mara «J. Ally». Mwisho wa msimu, jumla yake haitajulikana bila ugomvi.

Utaratibu wa Codd hutatua jambo hilo kwa kugawa daftari katika majedwali matatu: la wakulima, la mizigo na la malipo. Kila mkulima hupewa namba moja, na jina lake huandikwa mara moja tu katika jedwali la wakulima. Jedwali la mizigo hutaja namba, si jina. Jina likikosewa, husahihishwa mahali pamoja na kila hesabu hufuata.

Mfano wa pili ni muamala, neno ambalo kila mtumiaji wa fedha za simu analijua. Fedha zikitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, hatua ni mbili: kupunguza kwa mtumaji na kuongeza kwa mpokeaji. Umeme ukikatika katikati, isitokee kwamba hatua ya kwanza imefanyika na ya pili haijafanyika. Hifadhidata kama PostgreSQL huandika kwanza katika shajara kile inachotaka kufanya. Ikiwaka tena, huisoma shajara hiyo na kukamilisha miamala iliyothibitishwa, na iliyoishia njiani huhesabika kuwa haikutokea. Somo hilo liko katika mwongozo wa bure, na mtu anayeishi mahali umeme unapokatika mara kwa mara anaweza kulijaribu kwa kuzima seva yake ya mazoezi ghafla na kuona kilichobaki.

## Mifumo ya kanda kama darasa

Baadhi ya mifumo inayotumika Afrika Mashariki ni huria, kwa hiyo msimbo na miongozo yake ni nyenzo za kujifunzia.

* DHIS2 ni mfumo wa takwimu za afya ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Unatumika Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi. Umeandikwa kwa Java na huhifadhi data ndani ya PostgreSQL. Miongozo ya kuuweka kwenye seva husomwa bure.
* OpenMRS ni mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, na Eldoret nchini Kenya ni miongoni mwa mahali pa kwanza ulipotumika. Hutumia MySQL au MariaDB. KenyaEMR imejengwa juu yake.
* Ushahidi ilianza Kenya Januari 2008 kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi, na msimbo wake umewekwa wazi.
* Ramani Huria ilianza Dar es Salaam mwaka 2015, ambapo wanafunzi na wakazi walichora ramani za maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Data yake imo katika OpenStreetMap, na yeyote anaweza kuipakua na kuifanyia mazoezi ya hifadhidata za ramani.

Wikipedia nayo huendeshwa kwa vifaa hivyohivyo: programu yake ya MediaWiki imeandikwa kwa PHP na kurasa zake zimehifadhiwa ndani ya MariaDB.

## Lugha

Kikwazo kikubwa kwa wanafunzi wengi wa Tanzania ni Kiingereza. Shule za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza huwa lugha ya kufundishia kuanzia sekondari. Mtu anaweza kuelewa vizuri mantiki ya programu lakini akashindwa na sentensi ndefu ya mwongozo.

Istilahi za Kiswahili zipo, ila hazijasawazishwa. Hifadhidata na kanzidata hutumika kwa kitu kimoja. Kompyuta huitwa pia tarakilishi, hasa Kenya. Baadhi ya maneno yamekubalika haraka, kama seva, programu, tovuti, kivinjari na nenosiri. Mengine bado husemwa kwa Kiingereza hata katikati ya mazungumzo ya Kiswahili.

Leseni zisizo na alama ya ND humruhusu mtu yeyote kutafsiri bila kuomba. Makala za kamusi elezo ya Kiswahili, maelezo mafupi yanayoandikwa na walimu na tafsiri za kozi huria ni njia za kupunguza pengo hilo. Lugha ya programu yenyewe haihitaji kutafsiriwa: SQL ina maneno machache, na anayeyajua kumi au kumi na tano anaweza kuuliza maswali mengi.

## Vyeti na ajira

freeCodeCamp hutoa vyeti bure kwa anayemaliza miradi yake, na CS50 hutoa cheti cha bure kupitia tovuti yake. Majukwaa mengine huruhusu kusoma bure lakini hudai malipo kwa ajili ya cheti.

Vyeti hivyo si mbadala wa sifa zinazotambuliwa na NACTVET kwa vyuo vya kati na ufundi, au na TCU kwa vyuo vikuu. Nafasi za serikali kwa kawaida hudai sifa rasmi. Kwa kazi za kujitegemea, mteja huangalia zaidi kazi iliyokwisha kufanyika. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi huweka miradi yao kwenye GitHub, jukwaa lililoanza mwaka 2008, ambapo mwajiri anaweza kuona msimbo na historia yake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, ni njia kwa anayetaka kuunganisha kujisomea na shahada bila kuhama.

## Sheria na maadili

Kujifunza seva ni pia kujifunza jinsi zinavyovunjwa, na hapo mwanafunzi anaweza kuingia matatani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Kujaribu nenosiri kwenye seva ya mtu mwingine ni kosa hata kama nia ni kujifunza. Mazoezi ya usalama hufanywa kwenye kompyuta yako mwenyewe, na shirika la OWASP hutoa bure tovuti za mazoezi kama WebGoat na Juice Shop, zilizotengenezwa makusudi zikiwa na udhaifu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka wajibu kwa wanaokusanya na kuhifadhi taarifa za watu. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za aina hiyo mwaka 2019. Kwa hiyo orodha halisi ya wagonjwa au wanafunzi haifai kuwa data ya mazoezi. Majina ya kubuni hutosha.

## Udhaifu wa nyenzo za bure

Nyenzo za bure huzeeka bila kuondolewa. Masomo mengi ya PHP yaliyoandikwa zamani hufundisha kuwasiliana na MySQL kwa njia iliyoondolewa kabisa katika PHP 7, iliyotoka Desemba 2015. Anayeyafuata leo hupata ujumbe wa makosa tu. Mabaya zaidi, mengi yake huunganisha maneno aliyoandika mtumiaji moja kwa moja ndani ya swali la SQL. Kosa hilo humwezesha mgeni kuandika amri badala ya jina, na kusoma au kufuta hifadhidata nzima. Njia salama ni kutenganisha swali na data, kama miongozo rasmi inavyoelekeza.

Hali hiyo ipo kwa seva pia. Miongozo mingi ilitegemea CentOS Linux, ambayo toleo lake la 7, la mwisho kupata huduma, lilifikia kikomo Juni 2024. Nafasi yake imechukuliwa na mifumo kama AlmaLinux na Rocky Linux.

Kwa sababu hizo, kabla ya kutumia somo lolote inafaa kuangalia mambo manne: tarehe yake, toleo la programu linalozungumziwa, aliyeliandika, na kama linakubaliana na mwongozo rasmi. Yanapotofautiana, mwongozo rasmi wa toleo husika ndio wa kufuatwa.

## Tazama pia

* Programu huria
* Linux
* Hifadhidata
* Intaneti
* Wilaya ya Handeni
* Wilaya ya Korogwe